Ukitaka Kamera ya Kumpiga Paka Picha, Pima Chumba Kwanza

Watu wakiniuliza wanunue kamera gani ya kupigia picha paka wao, huanza na majina: Canon au Nikon? Sony au Fujifilm? Mimi huwarudishia swali ambalo wengi hudhani ni mzaha. Chumba anachoshinda paka wako kina upana gani, na mwanga unaingilia wapi?

Paka wa ndani si bibi harusi. Hakai pale ulipomweka, hageuki ukimwita, na hamu ya kucheza humjia magharibi, wakati dirisha limeshapoteza mwanga na wewe ndiyo kwanza umerudi kazini. Kwa hiyo unampiga picha kiumbe mwenye kasi, kwenye giza, tena kwa karibu. Haya mambo matatu ndiyo yanayopaswa kukuchagulia vifaa. Jina lililoandikwa mbele ya kamera lina nafasi ndogo sana.

Nichukulie mimi, ninayeishi Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba zetu za mawe na chokaa zimeezekwa sakafu za juu kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita mbili na nusu, ikizidi sana tatu. Kuta ni nene kiasi kwamba paka analala kwenye shubaka la dirisha akajinyoosha na mkia bado ukabaki ndani. Nje saa nane mchana jua linaumiza macho. Hatua mbili kutoka dirishani, ndani, unahitaji kuwasha taa usome. Aliyeko Mikocheni kwenye sebule yenye milango ya vioo ana shida tofauti na yangu, na aliyeko ghorofani Eastleigh ana yake. Ndiyo maana ushauri wa "nunua kamera fulani" hauna maana mpaka tujue nyumba.

Sasa tuzungumze mwanga, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi ya 18-55mm. Ni lenzi nzuri kwa safari na mahafali ya mchana. Ndani ya nyumba usiku ni mateso. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake linaishia f/5.6. Ile namba ya f, kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyofunguka na mwanga kuingia. Chukua ukumbi wa kawaida wenye taa moja ya darini, weka ISO (namba ya jinsi kamera inavyokuza mwanga uliopo) 3200. Kwa f/5.6 kamera itakulazimisha kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, ya kama 1/30 ya sekunde. Paka akitikisa sikio tu, sikio limefutika. Badilisha lenzi, weka ya f/1.8, chumba hicho hicho, ISO hiyo hiyo: unapata karibu 1/300. Mwanga umeongezeka kama mara kumi, na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hujaigusa.

Kwa paka aliyekaa, 1/125 inatosha. Anayetembea, anza 1/250. Anayerukia kamba au mende, 1/500 kwenda juu, na hapo hata f/1.8 itaomba ISO ipande mpaka 6400. Ipandishe bila woga. Watu wanaogopa chenga, yaani vidoa vidogo vinavyotokea ISO ikipanda, kupita kiasi. Kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha APS-C, ukubwa wa kamera nyingi za kuanzia, hata iliyotoka miaka kumi iliyopita, inavumilia ISO 3200 vizuri, na picha utakayoitumia kwenye kundi la familia la WhatsApp hakuna atakayeziona hizo chenga. Picha yenye chenga utaitengeneza. Iliyotikisika haina dawa.

Kuhusu megapikseli sitasema mengi. Megapikseli 16 zinatosha kuchapisha picha ya kutundika ukutani. Muuzaji akianza nazo, mwache amalize, kisha muulize ana lenzi gani za f/1.8.

Ila f/1.8 peke yake haitoshi kuamua, kwa sababu kuna suala la milimita: zikiwa chache, lenzi inaona pana, zikiwa nyingi, inabana. Watu wote husifu lenzi ya 50mm f/1.8, na kweli ndiyo ya bei nafuu kuliko zote za aina yake. Lakini ukiifunga kwenye kamera ya kihisi cha APS-C, mtazamo wake unabana, unakuwa kama wa 75mm au 80mm kwenye kamera za kihisi kikubwa. Kutoka mita moja, unachokipata kwa upana hakifiki nusu mita. Hiyo ni sura ya paka na mabega yake, basi. Ukitaka paka pamoja na mkeka aliolalia na mlango uliochongwa nyuma yake, utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Kwenye chumba cha boriti za mikoko utaugusa mapema sana. Lenzi ya 35mm, au hata 24mm, ndiyo inayokufaa kwenye vyumba vyembamba. Hii ndiyo sababu nasema pima chumba: chini ya mita tatu, usinunue 50mm ikawa lenzi yako ya pekee.

Wenye Nikon wamebahatika hapa. Ile AF-S DX 35mm f/1.8G iliyotoka 2009 ipo mitumba tele, ni nyepesi, na inalenga hata paka akiwa karibu, sentimita 30. Ukiniambia una bodi ya zamani ya Nikon, sitakutajia kitu kingine. Ila kuna mtego mmoja lazima niutaje, maana wauzaji hawautaji. Bodi za familia ya D3000 na D5000, kama D3300 au D5300, hazina mota ya kulengea ndani yake. Lenzi za zamani zenye alama AF-D, mfano 50mm f/1.8D, zinaingia sawasawa na zinapiga picha, lakini hazilengi zenyewe. Utazungusha kwa mkono, na paka hatakusubiri. Herufi za kutafuta kwenye lenzi ni AF-S.

Wa Canon za kioo (DSLR, zenye kioo ndani kinachoruka kila ukipiga) ana njia panda. EF 50mm f/1.8 STM ya 2015 ina mwanga lakini inabana. EF-S 24mm f/2.8 STM inaenea vizuri chumbani lakini inaingiza mwanga usiofika hata nusu ya ule wa f/1.8. Chumba chembamba chenye dirisha zuri, chukua 24mm. Sebule pana yenye mwanga hafifu, chukua 50mm. Na ukiuziwa ile 50mm f/1.8 ya zamani zaidi, yenye alama II, jua kwamba mota yake inakoroma kila ikilenga. Paka anaisikia kabla yako.

Haya, bodi. Kitu kimoja tu kwenye kamera mpya nakikubali kwamba kina thamani kwa mwenye paka: kutambua jicho la mnyama. Sony walikileta 2019 kwa mbwa na paka, Canon wakafuata 2020 na R5 na R6, na sasa kimeshuka hadi kwenye kamera ndogo kama R50. Kwa f/1.8 ukiwa karibu, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno. Jicho linaweza kuwa kali na pua imefifia. Paka akija anakukimbilia, kidole chako hakiwezi kuhamisha alama ya kulengea kwa kasi hiyo, kamera inaweza. Lakini soma vizuri kabla ya kulipa. Sony a6000 ya 2014 inauzwa sana mitumba na ni kamera nzuri, ila uwezo huo haina. Unaanzia a6100 na a6400. Muuzaji akikuambia "zote ni familia moja", anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Na fedha ikiwa haitoshi vyote viwili? Mimi nachukua bodi kuukuu na lenzi ya f/1.8, naacha bodi mpya yenye kutambua jicho na lenzi ya f/5.6. Kamera ikilitambua jicho vizuri kwa kasi ya 1/30, imekutambulia jicho la kutikisika. Najua wapo watakaobisha, hasa waliokwisha kununua.

Ukienda kununua mtumba, iwe Darajani, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, beba tochi. Itoe lenzi kwenye kamera, imulike kwa nyuma, tazama kwa mbele. Pwani yetu ina unyevu, na kuvu hupenda vioo: utaona nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa pembeni au mabaka ya ukungu yasiyofutika kwa kitambaa. Kuvu kidogo pembeni haiharibu picha leo, lakini inaenea, na ukiifungia sanduku moja na lenzi nyingine umealika majanga. Vumbi kidogo ndani ni kawaida, usigombe nalo. Kisha omba kujua shata imepigwa mara ngapi, jaribu kulenga kwenye kona ya duka yenye giza, na sikiliza. Nyumbani, weka vifaa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Si ghali na vinasaidia. Faida nyingine ya kuwa na lenzi moja tu: huifungui kamera ovyo, na manyoya ya paka hayaingii kwenye kihisi. Mwenye paka anajua manyoya yanafika wapi.

Kuna jambo la sauti. Kamera za kioo hugonga, na paka aliyelala hushtuka kwa mlio huo wa kwanza. Picha ya pili anakutazama, ya tatu ameondoka. Kamera nyingi zisizo na kioo zina shata ya kielektroniki ambayo haitoi sauti kabisa, na hapo ndipo wengi wanapokutana na mistari. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya kielektroniki ikipiga 1/500 inakunasia mikanda ya giza iliyokatiza picha. Kamera si mbovu, usiirudishe dukani. Shusha kasi hadi 1/100 kama paka ametulia, au rudi kwenye shata ya kawaida, au mpigie karibu na dirisha mchana, ambako shata ya kimya haileti mikanda hiyo.

Flashi ya mbele iliyojengwa kwenye kamera, iache ikiwa imelala. Nyuma ya jicho la paka kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndilo linalomsaidia kuona usiku, na ukimmulika usoni linakurudishia macho ya kijani yanayowaka. Isitoshe, anashtuka. Flashi ya juu inayoweza kugeuzwa kichwa ni kitu kingine: ukiielekeza darini kwenye jipsamu nyeupe, mwanga unashuka laini na macho yanabaki macho. Kwangu haifanyi kazi. Dari langu ni boriti nyeusi na mawe, zinameza mwanga wote. Nimebaki na dirisha.

Mtauliza: na simu je? Simu yako ukiwa nayo, itumie kwa paka aliyelala karibu na dirisha, itakupa picha nzuri tu. Usiku inaunganisha picha nyingi ilizozipiga mfululizo kuwa moja, na paka akijigeuza katikati ya kazi hiyo unapata mikia miwili au uso uliopakwa. Ile namna ya kufifisha nyuma nayo inawanyoa paka sharubu, kwa sababu simu inadhani nywele hizo nyembamba ni sehemu ya ukuta. Na usimsogelee sana kwa lenzi kuu ya simu, ni pana na itamvimbisha pua. Rudi nyuma kidogo, bonyeza 2x.

Mwisho kuna suala la rangi, ambalo halihusu kununua ila nitaulizwa. Kamera hupenda kila kitu kiwe kijivu. Paka mweusi akijaza picha, itamwangaza mpaka awe na rangi ya majivu na chenga zimejaa. Punguza mwangaza kwa hatua moja, kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mweupe akijaza picha itamfanya mchafu. Ongeza hatua moja. Wangu ni mweusi, kwa hiyo kamera yangu inakaa kwenye -1 mwaka mzima, na wageni wakija kupigwa picha humo ndani wote wanatoka weusi kidogo kuliko walivyo.