Mzikeni alikofia, ila matanga yakaliwe

Kwetu pwani mtu akifa alfajiri, kufika laasiri huwa ameshalala kaburini, na wenye msiba hawajagusa karatasi hata moja. Vijana wa mtaa wamechimba, fundi amepasua viunza, zile mbao za kumfunikia maiti kaburini, bafta ya sanda imekatwa, jeneza limetolewa msikitini, na jirani ameinjika sufuria bila kuombwa. Wafiwa kazi yao ni moja, kukaa mkekani wakapokea makiwa. Huku Uingereza mfiwa ndiye karani, ndiye tarishi, ndiye dereva. Kulia atalia akipata nafasi.

Mtu akifa hospitali, daktari anaandika karatasi ya sababu ya kifo. Tangu Septemba 2024, England na Wales, karatasi hiyo lazima ipitiwe na daktari mwingine ambaye hakumtibu marehemu, ndipo ipelekwe kwa msajili. Msajili akishaipokea, ndugu anaweka miadi na kusajili kifo. Sheria inatoa siku 5. Hapo ndipo inatoka karatasi ya kijani, na bila hiyo kaburi halifunguliwi. Cheti cha kifo huuzwa kwa nakala. Chukueni nne au tano siku hiyo hiyo, maana benki, pensheni na mahakama ya mirathi nyumbani kila mmoja atataka yenye mhuri wake, fotokopi hawaitaki.

Kinachokwamisha zaidi ni majina. Pasipoti ina jina la baba na la babu, kadi ya daktari ina ukoo wa mume, na hati ya kiwanja Temeke imeandikwa jina la utotoni. Msajili anaweza kuingiza majina yote, kwamba marehemu alijulikana pia kwa jina fulani, lakini umwambie kabla hujatia saini. Kurekebisha baadaye ni safari ya miezi, na wanaoumia ni warithi. Kingine ni Ijumaa jioni. Ofisi zikifungwa zimefungwa, ila baadhi ya halmashauri zina msajili wa zamu kwa wanaozika haraka. Namba yake utaipata kwa kamati ya maziko ya msikiti kabla hujaiona kwenye tovuti.

Kifo cha ghafla, au cha ajali, kinakwenda kwa mchunguzi wa vifo (cheo chake kwa Kiingereza, coroner, kinasikika kama ule ugonjwa wa 2020, na wazee wetu wameshashtuka mara nyingi kwa hilo). Akitaka mwili upasuliwe, ulizeni mapema kama picha ya skani inatosha. Sehemu nyingine inakubalika, mara nyingi kwa malipo. Mkinyamaza, watapasua.

Wakati haya yanaendelea, kundi la WhatsApp limeshawaka: arudishwe nyumbani! Anayeandika hivyo kwa kawaida yuko Dar au Mombasa na hajaulizwa bei. Kumtoa marehemu England kunahitaji taarifa kwa mchunguzi wa vifo, na yeye ana siku 4 kamili za kujibu, ingawa anaweza kuruhusu mapema. Mwili utiwe dawa usiharibike. Sanduku liwe na bati la zinki ndani na lizibwe lisipitishe hewa. Ipatikane barua kwamba hana maradhi ya kuambukiza, kisha karatasi za ubalozi, kisha nafasi kwenye ndege, upande wa mizigo. Hayo ni maelfu ya pauni na wiki nzima, mara nyingine mbili. Kule nyumbani turubai limekodiwa tangu siku ya kwanza na watu wanakula kila siku.

Maoni yangu hayapendezi kila mtu: Mwislamu azikwe alikofia, na haraka. Mtu wa bara ambaye kaburi la babu yake liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ana hoja nzito; kaburi kwake ni ushahidi kwamba shamba ni la ukoo. Huyo arudishwe. Lakini aseme angali hai na fedha aitenge mwenyewe. Wosia wa kuchangishana saa sita baada ya kukata roho unawaachia watoto deni.

Kuzika huku nako kuna mambo yake. Makaburi ya halmashauri humtoza asiye mkazi wa eneo mara mbili au zaidi, kwa hiyo anuani ya marehemu ina uzito. Mengine hayakubali sanda bila sanduku. Kibla nacho si kile tulichokizoea. Pwani yetu kibla ni kaskazini, hata upande wenyewe tunauita hivyo, na maiti kichwa chake huwa mashariki. London kibla kiko kusini mashariki, basi kichwa kinakwenda kusini magharibi. Wageni hubishana juu ya shimo lililokwisha kupimwa, mvua inanyesha.

Kuosha ndiko kunakotuumbua. Nyumbani kila mtaa una bibi anayejua; huku kina mama hupigiana simu usiku kutafuta wawili. Mwili umetoka kwenye friji, umekakamaa, hivyo maji yawe ya vuguvugu na viungo vilainishwe taratibu, msilazimishe. Pale palipokuwa na sindano ya mpira wa hospitali panavuja ukibandua plasta, kwa hiyo pamba na plasta mpya viwe tayari mkononi. Aliyepasuliwa huvuja kwenye mshono. Itangulie plastiki, ndipo zifuate sanda, 3 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Majani ya mkunazi huuzwa yamesagwa kwenye maduka ya Waarabu. Kafuri iwe ya maji ya mwisho.

Sasa matanga, na hapa ndipo nina ugomvi na wenzangu. Tunazika vizuri, kisha tunatawanyika pale pale kwenye maegesho ya magari. Sheria ya kazi haikupi siku ya malipo kwa kufiwa na mjomba au rafiki, hivyo Jumatatu watu wako zamu. Jumamosi inayofuata tunakodi ukumbi, saa sita hadi saa kumi, pilau kwenye vyombo vya karatasi, na mwenye funguo amesimama mlangoni anatazama saa. Hotuba tatu, dua, kwisha. Habari za marehemu, kwamba alikuwa anadanganya kwenye karata, kwamba ndiye aliyemfundisha nusu ya mji kuendesha gari, hazisemwi ukumbini. Husemwa usiku wa pili, kahawa ikipita, watu wamelala nusu.

Nyumba ya mtu inatosha, hata ya vyumba viwili. Usiku tatu, watu kumi kwa zamu, kila usiku nyumba moja ilete chakula ili mfiwa jiko asiliguse. Wazee wakae karibu na watoto, na watoto wasipewe simu. Mmoja awe na daftari, aandike anayosikia: nani alikuwa nani, alisoma wapi, alimdai nani. Madeni hasa.

Khitma, kumsomea marehemu Kurani nzima, tunagawana juzuu 30 kwenye simu, na kila mara ni yale yale. Amma na Tabaraka, zile mbili za mwisho, zina wagombea saba kila moja, na kuanzia juzuu ya 6 mpaka ya 12 ni yatima. Anayegawa agawe kwa majina, asiulize nani anataka ipi.

Halafu namba ya kaburi. Kwenye makaburi kama Gardens of Peace ya Hainault, London, yaliyofunguliwa 2002, matuta yote yamefanana, hakuna kujengea. Mwaka mmoja ukipita, hata aliyemshusha kaburini atapotea. Andikeni herufi ya sehemu, safu na namba, nyuma ya picha yake iliyoko sebuleni, na nakala itumwe kwa dada zake nyumbani.