Nyimbo za Zamani za Japani Zina Wenyewe

Mwishoni mwa 2020 vijana wengi wenye mama Wajapani walikuwa na mchezo mmoja kwenye TikTok. Kijana anauweka wimbo wa zamani bila kumwambia mama, anawasha kamera, anasubiri. Mama anasikia ala za mwanzo, anageuka, uso unabadilika. Kisha anaimba. Hakosei neno.

Wimbo wenyewe ni "Mayonaka no Door", mlango wa usiku wa manane, wake Miki Matsubara. Ulitoka Novemba 5, 1979, naye akiwa na miaka 19, binti wa Osaka ambaye mama yake aliimba jazi. Nimeusikiliza mara nisizoweza kuhesabu. Besi inatembea bila haraka, gitaa linachombeza, na sauti ya Miki ina uzito ambao sikuutegemea kwa msichana wa umri ule. Halii. Anasimulia mapenzi yaliyokwisha kama mtu aliyeketi pembeni yako.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyozipokea nyimbo hizi sisi tulio mbali. Zinapangwa saa mbili mfululizo, zinawekewa mchoro wa msichana wa katuni dirishani na mvua ya Tokyo, halafu zinaitwa city pop, yaani pop ya mjini ya Japani ya miaka ile, basi. Hakuna jina la mwimbaji, sembuse la mtunzi. Watu wanazisomea, wanazilalia, wanazipikia, wala hawajui ni nani anayewaimbia.

Wakati Japani yenyewe haikuwa na tabia hiyo. Jalada la santuri lilitaja kila mtu na kazi yake: sakushi, mwenye maneno, sakkyoku, mwenye muziki, henkyoku, mpangaji wa ala. Maneno ya wimbo wa Miki ni ya Yoshiko Miura, muziki ni wa Tetsuji Hayashi. Mpenzi wa taarab hahitaji maelezo marefu hapa. Kwetu pia aliyetunga shairi, aliyelitia muziki na aliyeliimba mara nyingi ni watu watatu, na kila mmoja ana heshima yake.

Wapo watakaosema muziki hauna mipaka, mbona tulicheza nyimbo za Kilingala bila kuelewa neno? Kweli tulicheza. Lakini Franco tulimjua, Tabu Ley tulimjua, na hata mpiga solo tulimjua, kwa sababu mwimbaji alimwita kwa jina katikati ya wimbo.

Hata picha zina wenyewe. "Plastic Love" ya Mariya Takeuchi, iliyotoka 1984 katika albamu aliyoitayarisha mumewe, Tatsuro Yamashita, ilienea YouTube kuanzia 2017 ikiwa na picha nyeusi na nyeupe ya mwimbaji anacheka. Picha ile haikuwa hata ya wimbo ule. Ilitoka kwenye jalada la santuri yake nyingine ya 1980, na aliyeipiga ni Alan Levenson. Alipodai haki yake, video ikaondolewa mwishoni mwa 2018. Iliporudi mwaka uliofuata, jina lake lilikuwapo. Nakumbuka watu walivyomlaani. Mimi naona alikuwa na haki kabisa.

Na wimbo uliouzwa kuliko zote katika historia ya santuri za Japani? Ni wa watoto, wa 1975, unaomhusu taiyaki, andazi lenye umbo la samaki lililojazwa maharage matamu. Andazi linachoka kuchomwa kila siku, linagombana na mwenye duka, linatorokea baharini. Wafanyakazi wa maofisini waliupenda kama walivyoupenda watoto wao. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 4.5. Mwimbaji, Masato Shimon, alikuwa amelipwa yeni 50,000 kwa mkupuo, bila fungu katika mauzo. Kila nikiukumbuka mkataba ule nafadhaika, maana wimbo wenyewe unamhusu mtu anayechomwa ili wengine wale.

Kupotea jina hakukuanza na intaneti. Mwaka 1963 mwimbaji Mjapani Kyu Sakamoto alishika namba moja Marekani kwa wiki tatu, kwa wimbo alioimba kwa Kijapani. Maneno yake, yaliyotungwa na Rokusuke Ei, yanamhusu mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasidondoke. Huko nje wakaubandika jina "Sukiyaki", chakula cha nyama, kwa kuwa lilikuwa rahisi kutamkwa. Ni sawa na mtu kuiita "Malaika" "Pilau". Na sisi wenye "Malaika", uliozunguka dunia nzima huku ugomvi wa nani aliyeutunga haujatulia, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza wimbo ni wa nani.

Ninachoomba ni kidogo. Ukiusambaza wimbo wa miaka ile, andika mwimbaji, mwenye maneno, mwenye muziki. Mistari mitatu. Kutafuta ni dakika tano.

Miki Matsubara hakuziona video za akina mama wale. Alifariki Oktoba 2004 kwa saratani ya mlango wa kizazi, akiwa na miaka 44. Novemba 28, 2020, wimbo wake ukiwa kwenye simu za watu duniani kote, angetimiza miaka 61.