Kuomba linki kupitia linki zilizokufa: kwa sisi wa Kigoma inalipa?

Vijana wenye websaiti za gesti na ziara za Gombe, hifadhi ya sokwe, siku hizi wanaisifia sana hii mbinu. Unatafuta ukurasa wa mtu unaogusa mambo yako, unakagua linki zake, ukikuta inayoleta 404 (yani ukurasa haupo tena) unamwandikia mwenye ukurasa, bosi hii imekufa, mimi nina ukurasa unaoweza kukaa hapo. Akikubali umepata linki bila kutoa hela, na Google toka enzi za kina Larry Page na Sergey Brin pale Stanford wanahesabu linki kama kura, na ukizinunua ili upande juu kwenye matokeo yao umevunja sheria zao.

Mali ghafi ipo ya kutosha. Pew Research, watafiti wa Marekani, walisema 2024 kwamba kurasa 38 katika kila 100 zilizokuwepo 2013 hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Na sisi huku ndo usiseme, mengi kuhusu Kigoma kwenye intaneti yameandikwa na wazungu waliopita zamani wakapanda meli ya Liemba, wakapiga picha Ujiji wakaondoka, linki zao zinaenda kwenye gesti iliyofungwa au ratiba isiyokuwepo. Kuna nyingine mbaya zaidi, domeni (jina la websaiti) haikulipiwa, mtu mwingine akaichukua akaweka kamari, kwahiyo msomaji anabonyeza habari za sokwe anatua kwenye mikeka. Ukimwambia mwenye ukurasa hapo umemsaidia kweli.

Ila sasa upande wa pili. Wenye websaiti kubwa wamechoka, kila siku wanapokea imeili zilezile, "nimependa sana makala yako", na ukisoma unaona kabisa hajaifungua. Wenye blogu za zamani nao wengi walishaziacha, unaandika hakuna anayesoma. Wikipedia je? Linki zake za nje zina nofollow (alama ya kuiambia Google isizihesabu) toka 2007, yani wasomaji utapata ila ile kura usiitegemee sana.

Kinachoniudhi zaidi ni watu wanaoomba linki kabla hawana ukurasa. Linki iliyokufa ilikuwa inaeleza utafiti wa sokwe aliouanza Jane Goodall 1960, wewe unataka iwekwe bei ya vyumba vyako, sasa hapo umeziba pengo gani? Ingia Wayback Machine kwanza, ghala la nakala za kurasa za zamani, uone pale palikuwa na nini, halafu andika chako kipya (kunakili kile cha zamani ni wizi tu hata kama mwenyewe kapotea). Na hapa ndo naona mtu wa Kigoma ana faida kuliko wakala wa Dar au wa Ulaya, kwasababu Gombe hakufikiki kwa gari, ni boti tu, na wewe unayekaa karibu na Kibirizi unajua boti za abiria zinaondoka mida gani, ziwa likichafuka inakuaje, ukishaandika hayo vizuri una kitu cha kumpa mtu.

Mwenye websaiti ya kurasa tatu, bei, picha na namba ya WhatsApp, mimi namwambia aachane na mbinu hii kwa sasa, jioni zake azitumie kuandika. Aliyeandika tayari ajaribu, imeili moja fupi inayotaja linki mbovu ipo aya gani, akumbushe mara moja tu basi, maana ukiendelea unaanza kuingia spamu na hata wateja wako hawazioni tena imeili zako.