Robo ya Maharage Mchana Kweupe

Mimi mazingira nayapenda, msinielewe vibaya. Tatizo mazingira hayanisitiri.

Binti yangu yuko darasa la tano. Jumatatu karudi shule na hesabu yake kwenye daftari: gunia la mchele la kilo 100, Mangi akiligawa robo robo na kila robo akaitia kwenye nailoni, hiyo ni mifuko 400. Mchele unaliwa siku moja, mifuko inakwenda kulala mtaroni kusubiri masika. "Baba, kuanzia leo dukani unakwenda na chombo."

Nikajitetea: nailoni si zilipigwa marufuku Juni 2019? Akaniambia zilizokatazwa ni zile za kubebea, paketi za kiwandani ziliachwa, na Mangi vijinailoni vyake anavitoa chini ya kaunta. Darasa la tano huyo! Mimi umri wake nilikuwa nakula chaki.

Basi nikabeba chupa ya jamu, ya kioo. Mangi akaitua kwenye mizani, akachota maharage kwenye gunia, akamimina kidogo, sindano ikagota robo. "Tayari, bosi."

Nikatazama ndani. Maharage yalikuwa machache kiasi cha kuyapa majina.

"Mangi, na hii chupa naichemsha nayo?"

Foleni nzima ikacheka. Kumbe chombo kinapimwa kwanza kikiwa kitupu, ndipo uzito wake unatolewa. Bibi yangu hakuwahi kupata mkasa huu. Yeye alipimiwa kwa kibaba, vibaba vinne pishi, vinamiminwa kwenye kikapu cha ukindu na safari imeisha. Nani alipima kikapu?

Lakini hayo yote si kitu. Shughuli ilikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Enzi za rambo jeusi mwanamume alikuwa na siri zake. Ubebe robo, ubebe kilo tano, jirani anaona rambo tu. Mimi nilikuwa nachomeka na gazeti ndani, linatuna, napita kibarazani kwa Mama Zuhura kama mtu aliyetoka kupokea mshahara. Sasa napita na kioo! Maharage yanaonekana mpaka yaliyotobolewa na wadudu.

"Baba Neema," akaniita, "hayo ni ya kupika au umeombwa mbegu?"

Usiku sikulala. Asubuhi nikapata dawa: ndoo ya lita 10, nyeupe, haioneshi ndani, na mfuniko wake. Mangi akaipima tupu kwanza, tukaelewana, akatia robo yangu, nikafunika. Nikashika njia kifua mbele, nimeinamia upande mmoja kidogo kama ndoo inanielemea.

Nilichosahau ni kwamba robo ya maharage ndani ya ndoo ya lita 10 inacheza ngoma. Chaka-chaka, chaka-chaka, mtaa mzima.

Mama Zuhura alikuwa anachambua mchicha. Hata kichwa hakuinua.

"Robo tena?"