Mlipe fundi kwa siku, usije ukavua plastiki pamoja na rangi

Motahomu yetu, yaani lile gari la safari lenye vitanda ndani, ina uso mpana. Kuanzia bampa hadi kule juu ya kioo, kwenye kitanda cha watoto, ni karibu mita tatu za kukabiliana na upepo. Ilipofika kutoka Uingereza ilikuwa imevikwa plastiki ya kinga mbele kote: ile plastiki angavu, nene kidogo kuliko stika, inayobandikwa juu ya rangi ili kokoto na wadudu wa njiani wasiile. Aliyeibandika alifanya la maana. Kosa ni letu sisi tulioinunua tukaiacha hapo hapo mpaka ikaoza.

Nasema ikaoza na sitii chumvi. Plastiki hizi nyingi hupewa dhamana ya kati ya miaka 5 na 10, na yetu ilikuwa imepita hapo zamani. Jua la Mombasa ni lile la kusimama utosini, na gari letu halina banda. Kwanza plastiki iligeuka manjano kama ukucha wa mvuta sigara. Kisha ikaanza kupasuka nyufa ndogondogo, na kila ufa ukanywa vumbi jekundu la Maungu na Voi mpaka boneti ikaonekana kama imechorwa ramani. Pembeni ilikuwa imeinuka, na chini ya ule mwinuko maji ya chumvi yalikuwa yakikaa wiki nzima. Kinga iliyofika hapo hailindi kitu tena. Inaifungia rangi pamoja na uchafu.

Nikaipeleka gereji moja kisiwani. Sitaitaja, kwa sababu nilichokiona pale nimekiona pengine pia. Tulikubaliana shilingi 6,000 kwa kazi nzima, nami nikaondoka nikiona nimepata bei nzuri. Kijana aliyekabidhiwa hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa ameambiwa amalize kabla ya adhuhuri, kuna matatu inasubiri nafasi. Basi akachukua wembe na petroli.

Niliporudi saa tano, nusu ya boneti ilikuwa wazi. Petroli ilikuwa imekausha mng'ao, pale ilipolowa sana rangi imefifia kama nguo iliyosahauliwa juani. Wembe ulikuwa umeacha mistari ambayo ukipitisha kidole unaihisi. Na upande wa kulia, chini kidogo ya kioo, kipande cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kimeng'oka na rangi yake yote, praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya chini, ikaniangalia. Pale palikuwa pamewahi kupakwa rangi upya, na rangi ya kurudia aghalabu haishiki kama ile ya kiwandani. Mtu mwenye nafasi angeligundua hilo kabla ya kuvuta. Kijana yule hakupewa nafasi. Nililipa nusu ya pesa, nikaondoa gari.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa rangi kule Mikindani. Nilimwamkia, akazunguka gari mara mbili bila kusema, akabonyeza plastiki kwa kucha hapa na pale.

"Ami, kazi yote itakuwa pesa ngapi?"

"Mwanangu, kazi yote siijui bado. Niache nivue kipande kimoja, kisha tutasema."

Kipande chenyewe kilikuwa na ukubwa wa daftari la shule. Kilimchukua dakika 40. Alipomaliza akaniambia, "Hii yataka siku nne. Nilipe kwa siku. Nikimaliza kwa tatu, ya nne ni yako." Tukapatana 2,500 kwa siku, na hapo ndipo nilipoelewa kilichoniharibia boneti. Wembe na petroli ni silaha za mtu anayekimbizwa na saa. Tukimlipa fundi kwa kazi nzima, kila dakika anayoitumia kwa uangalifu inatoka mfukoni mwake. Tunamlipa aharakishe, halafu tunalalamika kwamba ameharakisha.

Nilikaa naye siku zote nne, na nataka msomaji mwenye gari lililovikwa plastiki aone kazi hii inavyokwenda.

Chombo chake kikuu ni joto. Gundi iliyo chini ya plastiki ikipata moto hulainika na kuachia, ikiwa baridi hung'ang'ana na kuvuta chochote ilichoshikilia. Boneti ambayo ni ya bati aliiacha juani mpaka saa sita, kisha akaongezea mashine ya hewa moto, mkono hautulii hata kidogo, huku na huku kama anayepiga pasi hariri. Anagusa kwa kiganja: kama mkono unavumilia kidogo tu halafu unataka kuondoka, imetosha. Anaanza pembeni kwa ukucha, anainua ncha, kisha anavuta polepole huku plastiki ikirudi nyuma juu ya mgongo wake yenyewe, karibu ilale juu ya gari. Havuti kwenda juu, kwa sababu ukivuta juu ndipo unapoibandua na rangi.

Na sauti! Plastiki ikiwa bado baridi inatatarika, inakwenda kwa kukwama na kuruka. Joto likikolea inanyamaza, inakuja laini pamoja na gundi yake, na chini unaiona rangi safi kama siku ilipotoka kiwandani. Mzee alikuwa akisikiliza zaidi ya alivyokuwa akitazama. Ikianza kutatarika, anasimama, anarudisha moto, anangoja.

Kule juu ya kioo mambo yalibadilika, maana pale si bati, ni faiba iliyopakwa rangi. Bati husambaza moto, faiba huuweka pale pale juu ya ngozi, na ukizidisha, rangi inavimba malengelenge. Mashine aliiweka mbali, moto mdogo, vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili. Palipopasuka vibaya, plastiki ilitoka vipande vya ukubwa wa kucha, kimoja kimoja, saa tatu mfululizo. Alitumia kikwangulio cha plastiki na kucha zake. Wembe haukutoka mfukoni. Kwenye nembo iliyogandishwa juu ya plastiki alipitisha mshipi wa kuvulia samaki, akausukuma kama msumeno mpaka gundi ikakatika.

Gundi iliyobaki aliishughulikia jioni, gari likiwa kivulini na limepoa, kwa sababu juani tapentaini inakauka kabla haijafanya kazi. Alijaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya bampa. Kisha kitambaa kilicholowa, kinakaa juu ya gundi dakika kadhaa, ndipo anafuta. Tina, ile ya kuzimulia rangi, hakuigusa, maana inayeyusha rangi yenyewe. Mwisho maji na sabuni, na siku ya nne kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, na polishi kwa mkono, ili ule mstari unaotenganisha rangi iliyofunikwa na iliyopigwa jua upungue. Umepungua. Ukiinama jioni bado unauona, na mzee alikuwa ameniambia mapema kwamba hautaisha wote.

Najua kuna atakayesema fundi wa siku atajivuta, leo kidogo, kesho kidogo. Hofu hiyo naielewa, wengi tumechomwa. Ila dawa yake ni ile aliyoitumia mzee mwenyewe: kipande cha majaribio mbele yako, mhesabu pamoja ni vipande vingapi kama hicho, mkubaliane idadi ya siku na nani anabeba ikizidi. Na upite jioni uone kilichofanyika. Hilo ni rahisi kuliko kupaka boneti upya.

Wakati wa kuvua nao una uzito. Plastiki hii ni ya poliyurethani, na chimbuko lake ni mapanga ya helikopta za Marekani wakati wa vita vya Vietnam, yalipokuwa yakiliwa na mchanga na vitu vinavyorushwa na upepo. Kazi yake ni kupigwa badala ya kile ilichokifunika, na kitu cha kupigwa huchakaa. Ukiona umanjano, au pembe imeanza kuinuka, mtafute fundi hapo hapo, wakati bado inatoka kipande kizima cha urefu wa mkono. Sisi tulingoja mpaka ikawa inatoka vipande vya ukubwa wa kucha, na tukalipia zile saa tatu za faiba. Kwa gari linalolala nje hapa pwani, mimi singesubiri dhamana iishe.

Mpya sijaibandika. Nimeamua nta kila baada ya miezi miwili na kuosha chumvi kila tukirudi Diani au Watamu. Kokoto zikinitoboa nitaziba kwa brashi.

Kile kiraka cha kiganja kilichobanduliwa na wembe bado kipo. Mzee amekipiga msasa na praima ili kutu isianze, lakini rangi amekataa kuipuliza sasa. Masika hii hewa imejaa maji, na rangi ikinyunyizwa kwenye unyevu hutoka na ukungu mweupe. Amesema nirudi mvua zikikatika. Tumeshapatana: siku mbili, kwa bei ile ile ya siku.