Sahuagin apigwe majini

Waendesha mchezo wengi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa kete, wakitaka vita vya baharini hufanya kilekile: usiku, meli imetia nanga, mara sahuagin, majitu-samaki ya kubuni, kumi na ushei wanapanda ubavuni na mikuki yao. Kete zinarushwa, maiti zinatoswa, safari inaendelea. Mimi naona huko ni kumwonea kiumbe wa watu. Ukishampandisha sitahani, amebaki jambazi tu mwenye magamba.

Steve Marsh ndiye aliyembuni, akatokea kwenye kitabu cha nyongeza cha Blackmoor mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya mchezo wenyewe. Toleo la mchezo la 2014 linampa pointi 22 za uhai, basi wachezaji wanamdharau. Wangesoma mpaka chini! Akimkabili mtu aliyekwisha kujeruhiwa, hata kwa mkwaruzo, hurusha kete mbili na kuchukua iliyo kubwa. Papa yeyote aliye ndani ya futi 120 humtii bila kuambiwa neno. Sasa juu ya sitaha papa wa nini?

Wavute wachezaji wako chini uone. Mwenye upanga mrefu, kama hana kasi ya kuogelea, anarusha kete mbili na kuchukua iliyo ndogo. Wenye jambia na mikuki ndio wanaopona. Upinde nao hivyohivyo. Moto wa mchawi unakatwa nusu. Damu ya kwanza ikimwagika, yule mchezaji aliyekuwa anajigamba ataanza kuuliza uso wa maji uko futi ngapi.

Nchi kavu sahuagin naye ana tabu yake: saa 4 zikipita bila kurudi majini, anakosa pumzi. Kwa hiyo akivamia kijiji, aje kuteka watu na kukimbia nao, si kupigana hadi wa mwisho. Mtiririko wa vitabu vya visa wa Saltmarsh, uliotolewa na tawi la Uingereza la TSR, kampuni iliyokuwa ikichapisha mchezo huu, kati ya 1981 na 1983, ulilielewa hili: mwishoni wachezaji hutumwa kuipeleleza ngome ya sahuagin ambayo sehemu yake imejaa maji, wala hawatarajiwi kuimaliza.

Najua nitaambiwa kikundi cha daraja la 5 kina uganga wa kupumua majini, watu 10 kwa saa 24. Wapewe. Uganga huo haumfundishi mtu kuogelea, na upanga wake utabaki mzito vilevile.