Torpido au dhoruba: nani alipe meli ikizama?

Tarehe 30 Januari 1915 nyambizi ya Kijerumani iliipiga torpido meli ya Kiingereza Ikaria, maili 25 hivi kutoka Le Havre. Meli ilitoboka upande wa omo, yaani mbele, lakini ikafika bandarini, ikafungwa gatini. Dhoruba ikaja, ikaanza kuigongesha gatini. Wakuu wa bandari, wakihofia izame pale na kuziba gati, waliamuru ihamishiwe kwenye ukuta wa kukinga mawimbi. Kila maji yalipokupwa omo ilikaa chini; yalipojaa iliinuka tena. Tarehe 2 Februari kuta zake za ndani ziliachia, ikazama.

Bima yake ilifidia hatari za bahari, ila iliondoa matokeo yote ya uhasama wa vita. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya 1906 kinasema kampuni hulipa hasara ambayo sababu yake ya karibu ni hatari iliyokatiwa bima. Lakini ukaribu huo unapimwa kwa saa au kwa nguvu? Mwaka 1918 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, ilijibu: kwa nguvu. Lord Shaw, mmoja wa majaji, alisema sababu hazijipangi kama mnyororo, zimesukwa kama wavu. Torpido ikahesabiwa kuwa ndiyo iliyoizamisha Ikaria, na wenye meli wakakosa fidia.

Hoja ya wenye meli haikuwa ya kubahatisha. Meli ilikwisha fika bandarini. Bila dhoruba na ile amri ya kuihamisha, huenda ingeokolewa. Hata hivyo naona mahakama ilikuwa sahihi, kwa sababu Ikaria haikutoka kamwe katika hatari iliyoletwa na torpido. Meli isiyotobolewa isingehamishwa kwa kuhofiwa kuzama, wala kukupwa kwa maji kusingeivunja. Ingekuwa imetengenezwa, ikang'oa nanga upya na kukutana na tufani, ningesema vingine.

Kinachonisumbua ni kipimo chenyewe. Mahakama husema sababu kuu hutambuliwa kwa akili ya kawaida, lakini tazama kesi ya Cendor MOPU. Mtambo wa kuchimbia mafuta ulikokotwa kutoka Texas kwenda Malaysia mwaka 2005, na miguu yake mitatu ikakatika karibu na Afrika Kusini. Jaji wa kwanza alisema chanzo ni udhaifu wa mtambo wenyewe, ambao bima haifidii. Mahakama ya Rufaa ikasema ni bahari, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubaliana nayo. Ushahidi ulikuwa uleule. Mfanyabiashara anayesubiri fidia hawezi kupanga mambo yake juu ya akili ya kawaida inayotofautiana hivyo.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na njia ya kukubali kwamba sababu mbili zinaweza kulingana nguvu. Katika kesi ya Miss Jay Jay, boti iliyoundwa vibaya iliharibiwa na bahari chafu. Ubovu wa muundo haukuwa umeondolewa kwenye bima, basi kampuni ikalipa. Kwa upande wa pili, kesi ya Wayne Tank inasema sababu moja ikiwa imeondolewa, kuondolewa kunashinda na mteja hapati kitu. Ni kali, na wengi wangependa hasara igawanywe. Lakini ada ya bima ilikokotolewa kwa kuzingatia kilichoondolewa. Mahakama ikigawanya hasara, inaandika mkataba mpya. Ukali huo naukubali kwa sharti moja: kampuni ndiyo ithibitishe kipengele kinachoiondolea dhamana, na maneno yenye utata yasomwe dhidi yake.

Haya yanagusa Mombasa moja kwa moja. Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya imefuata ile ya 1906, na waagizaji wa bidhaa wanatakiwa kukata bima ya shehena kwa kampuni za nchini. Anayetia saini asome kwanza ukurasa wa yaliyoondolewa. "Hasara iliyosababishwa na" ina mipaka. "Hasara itokanayo kwa namna yoyote na" inavuta hata sababu ya mbali, na pa kulijadili hilo ni kwa wakala, kabla shehena haijapakiwa.